Bibi Jordan na Mwana wa Mfalme: Nani Alimtunza Nani?

Katika historia za tamthilia ya Uingereza tunazozisoma, waigizaji wa kike wa zamani huingizwa kwa mlango wa nyuma. Nell Gwyn anatajwa kwa kuwa alikuwa hawara wa Mfalme Charles wa Pili. Mary Robinson anatajwa kwa ajili ya yule George aliyekuja kuwa George wa Nne. Na Dorothea Jordan, ambaye ndiye hasa mada ya makala hii, hutengewa sentensi mbili tu: kwamba alikuwa mchekeshaji hodari, na kwamba aliishi na William, Duke wa Clarence, mtoto wa tatu wa kiume wa Mfalme George wa Tatu, akamzalia watoto kumi. Basi. Ukifunga kitabu unabaki na picha ya mwanamke mrembo aliyepata bahati ya kupendwa na mkubwa, halafu bahati ikamgeuka.

Mimi naona picha hiyo imechorwa kinyumenyume. Bibi Jordan alikuwa mfanyakazi. Kazi yake ilikuwa jukwaa, na jukwaa hilo ndilo lililolisha mama yake, ndugu zake, watoto wake wote na, kwa kiasi ambacho si kidogo, huyo mwana wa mfalme mwenyewe. Claire Tomalin, katika wasifu aliouchapisha mwaka 1994, aliliona jambo hili hata katika kuchagua jina la kitabu: alikiita kwa kazi ya Bibi Jordan, hakukiita kwa mapenzi yake. Nitajaribu kuyaeleza maisha hayo sambamba na nafasi alizoigiza, kwa sababu nafasi hizo zinatusaidia kuelewa hadhira ya wakati ule ilimnunulia nini tiketi, na tabaka tawala lilimwogopa kwa lipi.

Alizaliwa mwaka 1761. Mama yake, Grace Phillips, alikuwa mwigizaji kutoka Wales; baba yake, Francis Bland, alikuwa mtoto wa jaji wa Ireland. Ndoa ya jaji na jukwaa haikuwezekana kirahisi wakati ule. Baba aliishi na Grace miaka kadhaa, wakazaa watoto kadhaa, kisha akaenda kuoa mwanamke mwenye mali. Ukoo wa Bland haukutaka hata jina lake litumiwe kwenye mabango ya michezo. Hivyo binti huyu alianza kazi huko Dublin mwishoni mwa miaka ya 1770 akiwa hana baba wa kumtegemea na hana jina la kutumia. Tulikumbuke jambo hili. Jinsi baba yake alivyomtenda mama yake ndivyo atakavyokuja kutendwa yeye, isipokuwa safari hiyo mwanamume atakuwa mkubwa zaidi na watoto watakuwa wengi zaidi.

Huko Dublin aliangukia mikononi mwa Richard Daly, mwenye ukumbi wa Smock Alley. Kumiliki ukumbi maana yake ni kumiliki mkate wa waigizaji, na Daly alijulikana kwa kuutumia uwezo huo kwa waigizaji wa kike. Alimfunga Dora kwa deni, akampa mimba. Mwaka 1782 Dora, mama yake na jamaa zake walivuka bahari kukimbilia Uingereza, wakafika Leeds hawana kitu. Aliyewapokea ni Tate Wilkinson, mwenye kampuni ya michezo iliyozunguka miji ya Yorkshire: York, Leeds, Wakefield, Doncaster na mingineyo.

Kisa cha mkutano wao kimehifadhiwa na Wilkinson mwenyewe, nacho ni kisa kitamu. Alimuuliza huyo binti aliyechoka kwa safari anaweza kuigiza nini, tanzia, futuhi au michezo ya kuimba? Akajibiwa kwa neno moja: vyote. Mzee alishangaa, akampa nafasi ya Calista katika tanzia ya Nicholas Rowe, mwanamke ambaye mwishoni anakufa kwa aibu na majonzi. Binti akafa vizuri, watu wakalia. Halafu, kama alivyokuwa ameomba, pazia lilipokwisha akaruka tena jukwaani amevaa gauni la kijijini na kofia ya kitambaa, akaimba wimbo wa furaha. Wilkinson alikuwa na hofu kwamba hadhira itachukia marehemu kufufuka namna ile. Wapi! Ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Hata jina lilipatikana kwa mzaha. Alihitaji jina la mwanamke aliyeolewa, kwa sababu mimba ilikuwa inaonekana. Kwa kuwa alikuwa amevuka maji kama Waisraeli walivyovuka mto Yordani, Wilkinson akampa jina la Jordan. Yaani huyu "Bibi Jordan" hakuwahi kuwa na Bwana Jordan. Alijitengenezea heshima ya ndoa kwa njia ileile anayotumia mwigizaji kujitengenezea malkia au mtumishi, kwa vazi na kwa jina. Aliitumia heshima hiyo mpaka kaburini.

Miaka mitatu ya kuzunguka Yorkshire ndiyo iliyomfanya awe fundi. Alijifunza nafasi mpya kila wiki, akasafiri kwa magari ya farasi akiwa na mtoto mchanga, akaigiza mbele ya wafanyabiashara wa sufi na wapenda mbio za farasi. Oktoba 1785 aliingia London, katika ukumbi wa Drury Lane, kwa mshahara wa pauni 4 kwa wiki. Malkia wa ukumbi huo alikuwa Sarah Siddons, bingwa wa tanzia. Dora alikuwa na akili ya kutosha kutoshindana naye. Alichagua futuhi.

Nafasi aliyojitambulisha nayo ni Peggy katika The Country Girl. Mchezo huu David Garrick aliutoa mwaka 1766 kutokana na mchezo wa William Wycherley wa karne iliyotangulia, baada ya kuufua matusi yake. Peggy ni msichana wa shamba aliyeletwa mjini na mlezi mzee anayetaka kumwoa na ambaye humfungia ndani kwa wivu. Akitaka kumtembeza bustanini humvika nguo za kiume ili vijana wasimtambue. Tukio lililompa Dora sifa ni lile la barua: mzee anamsimamia Peggy aandike barua ya kumkataa kijana anayempenda, anamtamkia neno kwa neno, mara tu mzee anapotoka, msichana anaandika barua nyingine ya mapenzi, anazibadilisha, na mzee mwenyewe ndiye anayeipeleka. Kwa mujibu wa waliomwona, kila wazo lilikuwa likipita usoni mwa Dora kabla kalamu haijagusa karatasi. Maudhui ya tukio hilo ni wazi kabisa: asiyekuwa na nguvu anatumia chombo cha mwenye nguvu kumshinda. Hadhira ilimpenda kwa hilo, wanawake kwa wanaume.

Lakini kulikuwa na jingine lililoujaza ukumbi, na hatuna haja ya kulizungukazunguka. Ni miguu. Mwanamke wa karne ya 18 alitembea amefunikwa mpaka kwenye kifundo, na jukwaa ndipo mahali pekee ambapo angeweza kuonekana hadharani amevaa suruali ya kubana. Wanawake waliruhusiwa kuigiza katika kumbi za Uingereza baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660. Kabla ya hapo nafasi zote za kike zilichezwa na wavulana. Wanawake walipoingia, waandishi wakagundua faida ya kuwavika nguo za kiume. Sisi tuliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, tunamkumbuka Portia anavyovaa joho la mwanasheria na kuwashinda wanaume wote mahakamani. Dora alikuwa Rosalind, akawa Viola, akawa Sir Harry Wildair, ambayo ni nafasi ya mwanamume hasa katika mchezo wa Farquhar. Wahakiki wakubwa wa wakati ule, Hazlitt, Leigh Hunt na Charles Lamb, walimwandikia sifa, na walichosifu zaidi ni sauti na kicheko. Ukimsoma Hazlitt unahisi kuwa bado anakisikia kicheko hicho.

Hapa nina ugomvi kidogo na mazoea yetu wenyewe. Katika madarasa yetu tanzia hupewa kiti cha mbele na futuhi hukaa mkekani. Tunadhani kuliza ni kazi ngumu na kuchekesha ni kipaji tu, mtu huzaliwa nacho. Watu wa Drury Lane walifikiri hivyohivyo: Bibi Siddons aliitwa karibu mtakatifu, Bibi Jordan akaitwa mtoto wa maumbile, kana kwamba hakuwahi kufanya mazoezi. Kumbe kule Yorkshire alikuwa amejifunza kupima pumzi na kunyamaza, kungoja cheko la ukumbi mzima lishuke kabla ya kusema neno linalofuata. Hiyo ni fani, tena fani ngumu. Ndiyo iliyompandisha kutoka pauni 4 hadi pauni 30 kwa wiki katika muda wa miaka michache tu, mbali na usiku wake maalumu, yaani ule usiku mmoja katika msimu ambapo mapato ya mlangoni humwendea mwigizaji mwenyewe baada ya kutoa gharama.

Kwa miaka kadhaa aliishi na mwanasheria mmoja, Richard Ford, aliyeahidi ndoa. Walizaa, mabinti wawili wakakua, ndoa haikuja. Mwaka 1790 Duke wa Clarence akaanza kumfuata. Alikuwa kijana wa miaka 25, baharia aliyetolewa melini, mwenye madeni na mdomo usiokuwa na adabu za ikulu. Dora alikuwa na miaka 29 hivi na watoto watatu. Aliposhindwa kupata ndoa kwa Ford, mwaka 1791 alihamia kwa Duke, baada ya kuhakikisha kwanza kuwa watoto wa Ford wametengewa fungu kutoka katika mapato yake mwenyewe.

Magazeti yaliwavamia. James Gillray, mchoraji wa vibonzo, alipata bahati ambayo haipatikani mara mbili: katika Kiingereza cha mtaani siku zile, "jordan" lilikuwa jina la chombo cha kukojolea usiku. Vibonzo vyake vinatia aibu hata leo, chombo chenye ufa kimekuwa mwili wa mwanamke na Duke anaingia humo. Walisema pia kwamba anakosa jukwaani kwa maringo tangu apate mkubwa. Desemba 1791 hadhira ilipomzomea, aliwakabili mwenyewe, akawaambia kwamba hajawahi kukosa isipokuwa kwa ugonjwa wa kweli, na kwamba wakimpa ulinzi wao atawatumikia. Makofi yakapigwa, mchezo ukaendelea. Mwanamke aliyezomewa na ukumbi wa Drury Lane na akaugeuza kwa maneno machache si mtu wa kuhurumiwa tu.

Kwa nini hawakuoana? Wengine wanajibu haraka: kwa sababu alikuwa mwigizaji. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni sheria. Mwaka 1772 Mfalme George wa Tatu, aliyekasirishwa na ndoa za nduguze, alipitisha bungeni sheria inayobatilisha ndoa yoyote ya mzao wa George wa Pili iliyofungwa bila ridhaa ya mfalme. Kwa hiyo hata kama Duke angemtwaa Dora mbele ya askofu, ndoa ingekuwa hewa tupu. Sheria hiyo haikuwazuia wana wa mfalme kuishi na wanawake. Iliwaachia starehe na kuwaondolea wajibu. Mwanamke ndiye aliyebaki bila karatasi.

Kati ya 1794 na 1807 walizaa watoto kumi, wavulana watano na wasichana watano, wote wakaitwa FitzClarence. Kuanzia 1797 waliishi Bushy, nyumba ya kifalme kandokando ya London, na waliowatembelea walishangaa kuona maisha ya kawaida kabisa: baba anacheza na watoto sakafuni, mama anasoma nafasi ya wiki ijayo. Kwa desturi ya ikulu jambo hilo lilikuwa geni. George wa Tatu mwenyewe aliwazoea.

Sasa tuje kwenye fedha. Duke alipata posho kutoka serikalini na hakuwahi kuimudu. Alikuwa amemwahidi Dora posho ya mwaka, lakini ikafika wakati yeye ndiye anayemkopa. Watani wa mjini waliuliza waziwazi ni nani anayemtunza mwenzake. Pana kisa, ambacho huenda kimepambwa, kwamba mfalme alimwambia mwanawe apunguze posho ya Dora kwa nusu, naye Dora akajibu kwa kupeleka kipande cha chini cha tangazo la mchezo, pale palipoandikwa kwamba pazia likishapanda fedha hazirudishwi. Hata kama kimepambwa, waliokipamba walijua wanamzungumzia nani.

Kisichopambwa ni ratiba yake. Aliigiza akiwa mjamzito, akajifungua, akarudi. Ukumbi wa Drury Lane ulipoungua Februari 1809 alienda kutafuta fedha mikoani na mpaka Dublin, akilala kwenye nyumba za wageni zenye baridi, na kutoka huko aliandika barua nyumbani karibu kila siku. Barua hizo, zilizochapishwa mwaka 1951, hazina mambo ya ikulu. Zina meno ya mtoto, bei ya vitu, mapato ya usiku uliopita, na hofu juu ya mwanawe George aliyepelekwa vitani Hispania akiwa bado kijana mdogo kabisa. Ukizisoma unaona wazi mtu aliyechoka. Kila mara anahesabu usiku wangapi zaidi ndipo deni fulani liishe.

Na huyo anayelipiwa madeni alikuwa akifanya nini? Mbali na kulea, na tumpe haki yake kwa kuwa alipenda watoto wake, alikuwa akisimama katika Baraza la Mabwana kutetea biashara ya watumwa. Alikuwa amekaa visiwa vya Karibi akiwa baharia, akajifanya shahidi wa raha wanayoipata watumwa huko, na hotuba yake ya mwaka 1799 ilichapishwa kama kijitabu. Historia ina utani wake: sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Waingereza ilipopita mwaka 1833, mfalme aliyeidhinisha ni yeye huyo.

Ningependa kupita harakaharaka kwenye mkasa wa 1796, ingawa wapenzi wa Shakespeare watanilaumu. Kijana mmoja, William Henry Ireland, alidai amevumbua tamthilia ya Shakespeare isiyojulikana, Vortigern. Ilikuwa ya kughushi. Iliigizwa Drury Lane tarehe 2 Aprili, Dora akiwa na nafasi ya Flavia, hadhira ikaangua kicheko palipotakiwa majonzi, na haikurudiwa. Siku iliyofuata kazi ikaendelea kama kawaida.

Oktoba 1811 alikuwa Cheltenham. Mchezo wa usiku huo ulikuwa The Devil to Pay wa Charles Coffey, mmoja wa michezo yake ya zamani. Humo yeye ni Nell, mke wa fundi viatu anayepigwa na mumewe kila siku. Mganga anatumia uchawi kumbadilishia mahali na bibi mkubwa mwenye roho mbaya, Nell anaamka asubuhi kwenye kitanda cha hariri, watumishi wanamwinamia. Kabla ya pazia aliletewa barua ya Duke. Ilimtaka wakutane Maidenhead ili waagane. Baada ya miaka 20.

Aliigiza. James Boaden, aliyeandika wasifu wake mwaka 1831, anasimulia kwamba ulifika mstari ambapo Nell anapaswa kucheka sana hata mumewe amwambie kuwa mganga amemlevya. Kicheko kile maarufu hakikutoka, yalitoka machozi. Mwigizaji mwenzake, kwa haraka ya fundi, akaugeuza mstari kwamba mganga amemlevya mpaka analia, na hadhira ikadhani ni sehemu ya mchezo. Sitaki kuongeza neno juu ya mke wa fundi viatu aliyelala kitanda cha bibi mkubwa kwa muda wa uchawi. Coffey aliandika mchezo huo mwaka 1731, miaka 30 kabla Dora hajazaliwa. Ninachotaka wenzetu wa Sanaa za Maonyesho wakitazame ni kile kilichotokea jukwaani kiufundi: mchezo haukukatika.

Sababu ya kuachana ilikuwa mali. Duke alikuwa na miaka 46, madeni yamemfika shingoni, akaanza kumfukuzia tajiri wa kike kijana, Catherine Tylney-Long, ambaye alimkataa na kuolewa na mwingine. Dora hakumtukana Duke. Aliandika kwamba ni fedha tu zilizomfanya mtu huyo kuwa na huzuni kubwa kuliko watu wote. Wako wanaomsifu kwa upole huo. Mimi nadhani alikuwa pia na akili: upande wa pili ulikuwa na watoto, wanasheria na posho, na kila neno lake lingepimwa.

Mkataba wa kuachana ulimpa pauni 4,400 kwa mwaka, ukijumlisha matunzo yake, ya mabinti waliobaki naye, ya nyumba na gari, na ya mabinti wake wakubwa. Kwa mtazamo wa juujuu ni ukarimu. Lakini ndani yake mlikuwa na sharti moja: akirudi jukwaani, atapoteza fedha za matunzo ya mabinti wa Duke na atapoteza mabinti wenyewe.

Hebu tulitafakari sharti hilo. Kwa miaka 20 Dora aliigiza akiwa anaishi nyumba moja na Duke, mara nyingine akiwa na mimba ya Duke, na hakuna wakili aliyesema kwamba jukwaa linawachafua watoto. Mapato yalikuwa yanaingia Bushy wakati huo. Siku mapato yalipokoma kuingia Bushy ndipo kazi ileile ikawa uchafu. Mabinti walikuwa wanakaribia umri wa kuolewa na mabwana wakubwa, na mama anayevaa suruali jukwaani angeshusha bei. Kwa hiyo si maadili yaliyosema katika mkataba ule. Ni soko la ndoa la tabaka la mabwana. Kama tunatafuta mfano wa jinsi mfumo dume na mfumo wa matabaka unavyofungwa kamba moja, tusihangaike kutafuta mbali.

Alivumilia kwa muda mfupi. Mabinti wake wakubwa walikuwa wameolewa na wanaume waliojua kutumia fedha za mama mkwe, na hapakuwa na njia nyingine ya kuwasaidia isipokuwa ileile aliyoijua tangu ujana. Alirudi jukwaani, mabinti wadogo wakahamia kwa baba yao. Mwaka 1813 alipotokea Covent Garden, gazeti la Times lilimshambulia kwa ukali, eti mwanamke wa namna hiyo asionyeshwe mbele ya watu wenye staha. Ukumbi ukajaa. Hadhira, kama mwaka 1791, haikukubaliana na gazeti.

Kilichomwangusha kabisa ni karatasi. Mkwe wake mmoja, Frederick March, alikuwa amepewa na Dora hati alizokwisha kuzitia sahihi zikiwa hazijajazwa kiasi, naye akazijaza kwa hesabu kubwa asizozijua mwenyewe. Wakati ule mdaiwa alifungwa jela. Aliigiza mara ya mwisho Margate mwaka 1815, kisha akavuka tena maji, safari hii kwenda Ufaransa, akajificha kwa jina jingine. Alifia Saint-Cloud tarehe 5 Julai 1816, akiwa na miaka 54. Hakuna hata mtoto wake mmoja aliyekuwa karibu. Kaburi halipo tena.

Yaliyofuata yanamhusu Duke zaidi, lakini yapo mawili ya kutaja. Mwaka 1818, baada ya mrithi wa ufalme kufa kwa uzazi, wana wa mfalme walikimbilia kuoa ili kupata mzao halali. William alimwoa Adelaide wa Saxe-Meiningen. Binti zao wakafa wachanga. Kwa hiyo alipopata ufalme mwaka 1830 akawa mfalme mwenye watoto wakubwa wengi walio hai na asiyekuwa na mrithi. Mwaka 1837 kiti kikaenda kwa mtoto wa ndugu yake, Victoria.

Hapa msomaji wa pwani yetu ana la kulinganisha, tena si la kubuni. Mwaka 1836 William huyohuyo alipokea kutoka kwa Seyyid Said manowari iliyoundwa Bombay, ikaitwa Imaum katika jeshi la majini la Uingereza, naye akampelekea Seyyid Said mashua ya kifahari. Watawala hao wawili walipeana zawadi kama rika. Lakini watoto wa Seyyid Said waliomfuata kwenye kiti cha Unguja, Majid kisha Barghash, walikuwa watoto wa masuria, na hakuna aliyesema hawastahili kwa sababu hiyo. Salme, dada yao, amelieleza jambo hilo kwa urefu katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Suria alikuwa mtumwa aliyenunuliwa, hilo tusilisahau na tusilipake rangi. Dora alikuwa mtu huru, mwenye mshahara kuliko wanaume wengi wa London, na watoto wake wakawa si kitu mbele ya sheria ya kiti. Ndiyo maana nasita kutumia neno suria kwa Dora, na hata hawara linanikwama. Kimada ni mtu anayetunzwa. Hesabu za Bushy haziliruhusu neno hilo.

Watoto wenyewe hawakufanya vibaya: George akapewa uerli wa Munster mwaka 1831, Elizabeth aliolewa na Erli wa Erroll, na kupitia kwake David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 2010 hadi 2016, ni mzao wa mwigizaji huyu.

La pili ni sanamu. Alipokuwa mfalme tu, William alimwagiza Francis Chantrey, mchongaji bora wa nchi, achonge sanamu ya marumaru ya Dora akiwa na watoto wawili. Alitaka iwekwe Westminster, katika kanisa wanamozikwa wafalme na washairi. Mkuu wa kanisa akakataa. Mfalme wa Uingereza akashindwa kumpatia mwanamke huyo nafasi ya jiwe moja. Sanamu ikabaki katika ukoo wa FitzClarence, mpaka mwaka 1975 Erli wa Munster wa wakati huo alipoiacha kwa wasia kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ikawekwa katika Jumba la Buckingham, ambako William mwenyewe hakuwahi kuhamia.